Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, tena Jumamosi, na foleni ya Barabara ya Thika tunaijua.

Muhula huu tumejishughulisha na Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sufuri. Maji huko ni magumu kama mwamba; kinachotiririka ni methani na ethani. Juu yake umetanda ukungu wa rangi ya machungwa, kamera ya kawaida haioni kitu cha maana.

Mnamo Julai 2006 chombo cha anga cha Cassini kilipita karibu na ncha yake ya kaskazini, kikamulika chini kwa rada. Nchi yenye mawe na mabonde ilirudisha mawimbi. Sehemu nyingine hazikurudisha karibu chochote, zikatokea pichani kama madoa meusi tititi, mengine yakiingiwa na mito. Hayo ndiyo maziwa ya methani na ethani.

Ukifika mezani kwetu, ambapo tochi ndiyo rada, taa za maabara zitazimwa. Mulika tochi kwa mshazari: changarawe iliyo kwenye sinia itang'aa, maji ya beseni yatabaki meusi, kwa kuwa uso laini huutupa mwanga upande wa pili. Baadhi ya wazazi wamemulika wima kutoka juu, mwanga ukawarudia machoni. Hawakuharibu jaribio! Mwaka 2013 Cassini ilimulika wima vivyo hivyo bahari ya Ligeia Mare huko Titan, ikapata mirejeo miwili, mmoja wa juu na mwingine wa sakafuni. Tofauti ya muda kati yake ikaonyesha kina cha mita 160 hivi. Ziwa Victoria halifiki hata mita 90.

Huko Titan kuna pia bonde linaloitwa Nakuru Lacuna, kwa heshima ya ziwa letu. Linadhaniwa kuwa ziwa lililokauka, ilhali Nakuru yetu imefurika.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Klabu haina darubini. Hata ndogo inatosha kuionyesha Titan kama nukta kando ya Zohali, na taa za Nairobi haziizuii. Chombo cha Dragonfly kinatarajiwa kufika huko 2034. Tungependa wadogo zetu wa gredi ya 7 wawe wameshaiona kwa macho yao kabla ya hapo.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.