Salamu za shukrani kutoka kwa familia yetu, Lowell, Massachusetts

Bwana asifiwe ndugu na marafiki. Sisi kama familia tungependa kumfikia kila mmoja na kumshika mkono ila haiwezekani, kwa hiyo pokeeni salamu hizi popote mlipo. Kijana wetu ametutoka akiwa na miaka 12, sikoseli amepambana nayo tangu akiwa mdogo kabisa, na tumemzika hapa hapa kwenye theluji kwa sababu mama yake hakutaka alale mbali naye. Asanteni watu wa Lowell na Worcester mliokuja kila jioni na masufuria ya pilau, asanteni wanakwaya, asanteni madaktari na manesi, na ndugu zetu wa Voi mliokaa matanga kule huku mnatuma M-Pesa na hali tunaijua ilivyo ngumu, Mungu awazidishie.

Kuna shukrani moja lazima niieleze vizuri. Jirani yetu wa chini, mama wa Kiyahudi mwenye miaka 80 na kitu, siku ya mazishi tulivyorudi tulimkuta kwenye ngazi ameshika bakuli la mayai ya kuchemsha amelifunika kwa taulo la jikoni. Kwao mfiwa akitoka makaburini mlo wa kwanza huletewa na majirani, na yai halikosi. Akammenyea mke wangu moja, akamwekea mkononi, akakaa pembeni yake kimya karibu saa nzima. Mke wangu alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Alilila lile yai lote.

Kesho yake akaja na kitabu kimechakaa, cha rabi wake wa zamani, Harold Kushner, ambaye tangu 1966 alikuwa rabi wa sinagogi la Temple Israel pale mji wa Natick, hapa hapa Massachusetts. Nimekisoma usiku kwa usiku na nimefuatilia maisha yake. Alizaliwa Brooklyn 1935, akasoma Chuo Kikuu cha Columbia, akapata urabi 1960, na mdogo wake Paul naye akawa rabi. Sasa mtoto wa kwanza wa Kushner, Aaron, alikuwa haongezeki uzito na nywele zinamtoka, wakahangaika naye, na siku ile ile mke wake Suzette anajifungua binti yao Ariel ndo daktari anakuja kuwaambia Aaron ana projeria, ugonjwa wa kumzeesha mtoto, hatarefuka sana kupita futi 3 na atakufa akiingia tu ujana. Yaani umempakata kichanga na hapo hapo unaambiwa hayo ya mkubwa wake! Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Aaron alifariki 1977, siku mbili baada ya kutimiza miaka 14. Baba yake akaandika kitabu hicho nilicholetewa, kuhusu mabaya yanayowapata watu wema, wachapishaji wawili wakakikataa, kikatoka 1981 na kikauzwa mamilioni ya nakala, baadaye akaacha kazi ya kudumu ya sinagogi akawa mwandishi. Suzette alitangulia 2022, yeye akamfuata Aprili 2023 akiwa na miaka 88.

Anasema Mungu si muweza wa kila kitu, hapo sikubaliani naye kabisa na nitakufa nikiamini anaweza yote. Lakini alivyosema ugonjwa wa mtoto si adhabu, nililia. Maana kuna mtu, simtaji, alikuja msibani akamwambia mke wangu ni laana ya ukoo wao, na sikoseli mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo tayari tulikuwa tunajilaumu kimoyomoyo. Kushner anawarudia rafiki zake Ayubu, kwamba walifanya vizuri kuja na kukaa naye siku saba bila neno, wakaharibu walipoanza kumweleza kwa nini. Nyinyi wengi mlikaa tu na sisi, mkaosha vyombo, mkamlaza binti yetu, na hicho ndicho tunachowashukuru zaidi ya pesa.

Masufuria yenu yako hapa yameoshwa, karibuni mchukue. Bakuli la mama wa chini bado tunalo, mke wangu amesema halirudi tupu, Jumapili baada ya ibada anakaanga mahamri tumpelekee.