Barua kwa mwanangu anayekwenda Hardwick

Mwanangu,

Baada ya salamu, nimesikia kwamba mwezi ujao mtapelekwa Hardwick Hall, kule Derbyshire, Uingereza, kupima madirisha ya mawe, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa vipande. Picha uliyonitumia nimeitazama mpaka simu ikazima. Jumba lile alilijengesha bibi tajiri, Bess wa Hardwick, kati ya 1590 na 1597, na ramani yake inahusishwa na Robert Smythson, aliyeanza akiwa mwashi kama mimi, hilo limenifurahisha. Lakini lina minara sita, na kileleni zimechongwa herufi E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, ndiye Bess mwenyewe, nami nakujua: utataka kuzigusa. Usipande bila mkanda.

Kazi yenyewe naivulia kofia. Kila ghorofa ina madirisha marefu kuliko ya chini yake, kwa kuwa vyumba vya heshima viliwekwa juu kabisa, na ukuta wa nje umebaki vioo vitupu karibu wote. Unasimamaje? Tazama dohani: zimepitishwa ndani ya kuta nene za katikati, ili ukuta wa nje usidhoofishwe na uweze kubeba madirisha hayo. Baadhi ya madirisha ni ya uongo, yamewekwa ili pande zilingane tu, na hapo Smythson na mimi tungegombana.

Ukumbi mrefu wa ghorofa ya juu una takriban mita 50. Humo pima upendavyo, maana miguu iko sakafuni. Paa ndilo linalonitisha, kwani ni bapa, limefunikwa mabamba ya madini ya risasi, na risasi ikilowa huteleza kama sabuni. Walimu wako wamekusifu, nami nimejigamba mtaa mzima, ila sifa hukupa haraka, na haraka yako naijua. Habari za mguu wako sizirudii. Fundo la jukwaa siku ile hukulifunga wewe. Kwa hiyo kagua kila fundo mwenyewe, hata kama aliyelifunga ni mkubwa wako.

Mama yako anauliza kama soksi za sufu zimetosha. Bati la jikoni linavuja tena, na fundi tuliyemwita alitaka kupanda bila kamba. Nimemkatalia, ndoo bado iko pale chini.

Baba yako