Kuosha paa bila presha: dawa, vipimo na tangi la mvua

Paa la vigae likishapitiwa na misimu kadhaa ya mvua za Kampala au Entebbe huota weusi unaoshuka kwa mistari, na mabaka ya kijani upande usiopata jua. Hilo si vumbi. Ni mwani, kuvu na kuvumwani (kuvu na mwani vilivyoungana), viumbe hai vilivyojishika kwenye vinyweleo vya udongo. Anayeingia katika kazi hii kwa kununua mashine ya presha anaanza vibaya: presha hukwangua kinachoonekana na kuacha kilichozama, humenya uso wa kigae ukabaki na mikwaruzo inayoshika maji, na husukuma maji chini ya vigae hadi darini.

Kinachosafisha ni klorini ikipewa muda. Kwa vigae vya udongo kama vinavyotengenezwa Kajjansi, karibu na Kampala, lenga mchanganyiko wa asilimia 2 hadi 3. Ukipata klorini ya maji ya asilimia 12, lita 5 na maji lita 15 zinajaza jerikeni moja ya lita 20 yenye asilimia 3. Ukitumia klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 600 hivi kwa lita 20 zinakupa karibu asilimia 2. Tia unga ndani ya maji, kamwe usimwagie unga maji, kwenye ndoo ya plastiki. Uache utuame, kisha chota maji ya juu tu, maana chokaa ya chini huziba nozo na kuacha madoa meupe. Ongeza sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike mteremko. Jiki ya dukani haifai: ina asilimia 3 au 4 tu, ukiongeza maji imekwisha nguvu. Klorini ya maji nayo hufifia ikikaa juani, kwa hiyo nunua ya kazi ya wiki hiyo.

Usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi wala amonia. Hutoa gesi inayoharibu mapafu. Unga usiuweke karibu na petroli, mafuta au aina nyingine ya klorini ya bwawa, kwani unaweza kuwaka wenyewe.

Bomba la kunyunyizia la mgongoni, la wakulima wa kahawa, linatosha kuanzia, ila fimbo ya shaba italiwa na klorini, na mipira ya ndani itavimba. Tafuta fimbo ya plastiki. Kazi ikiongezeka, pampu ya kiwambo ya volti 12 na betri ya gari ndiyo hatua inayofuata.

Jaribu kigae kimoja kwanza. Nyunyiza asubuhi mapema au siku ya mawingu, kuanzia chini kwenda juu, kisha subiri dakika 15 hadi 20. Kijani kitageuka njano, kisha cheupe. Hapo dawa inafanya kazi. Jua likiikausha kabla ya muda, inaacha kufanya kazi na kubaki chumvi. Nyunyiza tena badala ya kuongeza ukali. Kuvumwani nene hufa siku hiyo lakini hubanduka taratibu kwa mvua za miezi inayofuata. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa, la sivyo atadai hukufanya kazi.

Mabati ni habari nyingine. Klorini hula zinki, hivyo kwa mabati ya rangi usizidi asilimia 1, na suuza mara moja baada ya dakika 5 hadi 10. Mabati yasiyo na rangi tunayaosha kwa sabuni na brashi laini tu. Bati la saruji la zamani lenye asbesto usiliguse kabisa.

Ngazi iegemee kwa mita 1 nje kwa kila mita 4 za kimo, na fundi avae mkanda wenye kamba, miwani na glovu. Migomba na maua yaloweshwe kabla, wakati na baada ya kazi.

Jambo linalosahaulika zaidi, na ambalo kwetu ni zito kuliko yote, ni tangi. Nyumba nyingi hunywa maji ya paa. Toa bomba linaloingia tangini kabla ya kufungua dawa, funika mdomo wa tangi, suuza mifereji, na usilirudishe bomba hadi mvua kubwa mbili zipite na maji yanayotoka mferejini yasiwe na harufu ya klorini.