Barua ya Wazi kwa Vijana wa Malindi Wanaoombwa Majina Yao

Wanangu na wajukuu zangu wa Shela, Barani, Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo, pamoja nanyi wa Watamu, Gede na Mambrui,

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, amani iwe nanyi.

Kila msimu wa wageni ukianza, kuna jambo moja hunifikia hapa barazani. Amekuja mgeni, aghalabu Mtaliano, anataka kufungua kampuni: vila za kukodisha, mkahawa, boti za kwenda kuvua. Pesa anazo, wakili anaye, kilichobaki ni jina la Mkenya. Jina hilo ni lako. Unaambiwa utapata kitita mkononi na kitu kidogo kila mwisho wa mwezi, na kazi yako ni kutia sahihi basi.

Nawaambia mapema: msitoe. Sababu nitazieleza, na kitu cha kudai badala yake nitakisema pia, maana najua mkono mtupu haulambwi na sikuandika ili kuwafungia riziki.

Kwanza niondoe uongo mmoja ambao umezagaa mjini. Mmeambiwa kuwa mgeni hawezi kusajili kampuni Kenya mpaka awe na mwenyeji ndani. Si kweli. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, mgeni anaweza kumiliki hisa zote za kampuni binafsi na kuwa mkurugenzi peke yake. Anatoa pasipoti, picha, anwani na namba ya PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, maombi yanapitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ada ya serikali kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 10,650. Hata katibu wa kampuni halazimiki kuwa naye mpaka mtaji uliolipwa ufike shilingi milioni 5. Zipo biashara zinazodai fungu la wenyeji kisheria, kama bima na kampuni za ulinzi, lakini mkahawa wa pizza kule Casuarina haumo.

Basi akija mtu anayeweza kuimiliki kampuni yote peke yake, halafu akuombe wewe uandikwe kuwa ndiye mwenyewe, muulize: kwa nini?

Mara nyingi jibu ni ardhi. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inasema asiye raia atashika ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Akiwamo mgeni mmoja mwenye hisa moja, kampuni hiyo ni ya kigeni mbele ya ardhi. Kwa mashamba ya kilimo, kule Ganda na kwingineko, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Bodi ya Udhibiti wa Ardhi haitoi idhini kwa kampuni yenye mwanachama asiye raia, labda Rais mwenyewe atoe msamaha. Ndipo anapotafutwa kijana wa Malindi: kampuni iandikwe yote kwa jina lake, inunue kiwanja cha milele, na mwenye pesa akae nyuma ya pazia.

Waliotunga Katiba waliliona pazia hilo. Ibara hiyohiyo inasema mali inayoshikwa kwa amana itahesabiwa ya raia ikiwa tu wanaonufaika nayo wote ni raia. Kwa hivyo ile karatasi ya siri mnayotia sahihi kwa wakili, kwamba wewe umeshika hisa kwa niaba ya bwana fulani wa Milano, ndiyo hasa inayoithibitisha kampuni kuwa ya kigeni. Yeye anaitunza kama ngao, kumbe ni ushahidi.

Wengine hawana haja na ardhi. Kibali cha mwekezaji kinamtaka mgeni aonyeshe mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani, naye hana. Wengine wanamkimbia mtoza ushuru wa kwao, au mdai, au mke wanayegawana naye mali mahakamani. Hayo hutaambiwa mezani.

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili, na bahasha za namna hii nimezisoma nyingi, basi niwaonyeshe kilichomo. Karatasi ya juu ni ya usajili, ina jina lako, namba ya kitambulisho na hisa zako, na hiyo ndiyo unayosomewa kwa sauti. Chini yake kuna hati ya kuhamisha hisa: wewe ndiye unayehamisha, sahihi yako inatakiwa, lakini pa jina la anayepokea ni patupu, na pa tarehe ni patupu. Inafuata barua ya kujiuzulu ukurugenzi, nayo haina tarehe. Kisha hati ya uwakilishi, inayompa mgeni au wakili wake mamlaka ya kuuza, kukopa na kusaini kwa niaba yako. Mwisho ni tamko la amana, ndiyo ile karatasi ya siri niliyoitaja. Pembeni ya kila ukurasa kuna alama ya msalaba kwa penseli, ili usihangaike kutafuta pa kuandika jina. Ukishamaliza, bahasha inaingia kwenye droo ya wakili na wewe unapewa soda.

Kwa hiyo serikalini wewe ndiye mwenye kampuni, na kwenye droo wewe si kitu. Faida yote iko kwenye droo, na madeni yote yako serikalini.

Madeni hayo ndiyo watu wasiyoyatia hesabuni. Kampuni ikishasajiliwa na kupewa PIN, inatakiwa ipeleke ritani ya kodi kila mwaka, hata kama haikuuza chupa moja ya maji. Isipopeleka, faini kwa kampuni ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, lile lililo kubwa. Hiyo ni ritani moja tu. Kuna makato ya wafanyakazi, kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna bima ya afya, kuna taarifa ya mwaka kwa msajili wa kampuni. Na ikionekana mambo yalipangwa ili kampuni ishindwe kulipa kodi, Sheria ya Taratibu za Kodi inaruhusu mkurugenzi afuatwe yeye mwenyewe, kwa mali yake. Mtaniambia kampuni ina dhima yenye kikomo, yaani deni lake haligusi mali ya mtu binafsi. Ndiyo, kwa mwenye hisa. Mkurugenzi ana wajibu wake mbali, na mmojawapo ulioandikwa katika Sheria ya Kampuni ni kwamba aamue kwa akili yake mwenyewe. Huwezi kumwambia hakimu, "Mimi nilikuwa nikisaini tu." Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyevunja wajibu huo.

Kisha kuna daftari la wamiliki halisi. Tangu kanuni za 2020, kila kampuni lazima imtaje kwa msajili mtu aliye nyuma yake kwelikweli: mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, moja kwa moja au kwa kupitia mwingine, au mwenye uwezo wa kuweka na kuondoa wakurugenzi. Anayejaza taarifa hiyo ni kampuni, na kampuni kwenye karatasi ni wewe. Ukijaza jina lako umesema uongo. Ukijaza la mgeni, ile hila ya ardhi imekwisha. Usipojaza, kuna faini inayoweza kufika shilingi 500,000. Hebu nionyesheni mlango wa nne.

Na mkienda benki msishangae mkiulizwa maswali kama mahakamani. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu juu ya pesa haramu. Pesa ikitoka Ulaya kuingia akaunti ya kijana asiye na biashara inayojulikana, benki itataka kujua ni ya nini, na atakayeitwa kueleza ni mwenye sahihi.

Sasa nije kwa wale werevu, maana wapo, na huniambia kwa kunong'ona: "Babu, kama jina ni langu, si akiondoka nyumba ni yangu?" Nalisikia sana hili, na sitalipita mbiombio.

Kwa dini, umepewa amana na unakula njama ya kuila. Hata kama aliyekupa alikuwa anakwepa sheria, pesa zilizojenga zile kuta hazikuwa zako. Kwa sheria, usidhani utashinda kwa urahisi. Yeye ana bahasha, na hati ya kuhamisha hisa inaweza kutiwa tarehe leo jioni. Mkifikishana Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapahapa Malindi, nyote wawili mtasimama mbele ya jaji na mkataba uliotengenezwa kuizunguka Katiba, na mahakama kwa kawaida haina huruma na mtu aliyeshika karatasi ya namna hiyo, awe mweupe au mweusi. Kesi za ardhi mwazijua umri wake. Wakili atalipwa, mlinzi hatalipwa, bwawa la kuogelea litaota mwani, na wewe utakuwa unapanda ngazi za mahakama kila wanapotaja kesi. Tena jina la mji linaharibika. Mgeni mwema, na wako wengi wema, huko kwao anaambiwa Malindi watu ni wezi, naye haji.

Sina chuki na wageni. Nimekulia nao. Waitaliano walikuja kwa wingi na ile kazi ya San Marco kule Ngomeni, na setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwezi wa Aprili 1967, Malindi ikiwa bado mji wa wavuvi na wakulima. Leo kuna watoto wetu wanaosema Kitaliano vizuri kuliko Kiingereza, na nyumba ngapi hapa zimejengwa kwa mshahara wa hotelini. Ninachokumbuka zaidi ni upande wetu wa karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wa pwani wapeleke madai yao kwa maandishi. Asiyepeleka, ardhi yake ikahesabiwa ya serikali ya mkoloni. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoitwa maskwota leo kwenye mashamba ya babu zao. Walipoteza kwa kutojua kuandika. Nyinyi mmesoma, mna simu, na mwataka kupoteza kwa kusaini!

Basi mdai nini? Kama mgeni anahitaji mtu anayejua mji, mwambie akuajiri: mkataba wa maandishi, mshahara, makato yote yapelekwe. Meneja mzuri wa vila ana thamani kuliko jina la kukodi. Na yeye asajili kampuni yake kwa jina lake, akodi ardhi kwa miaka 99 au pungufu. Miaka hiyo inawatosha yeye na mwanawe.

Kama anataka mbia, uwe mbia wa haki. Hapo hisa ziwe chache lakini ziwe zako, asilimia 10 ya kweli ni bora kuliko 100 za droo. Hakuna hati iliyoachwa tupu. Mapatano ya wanahisa yaandikwe, yaseme gawio linatolewa lini na anayetaka kuuza anamuuzia nani kwanza. Uwe na haki ya kuona hesabu za benki bila kuomba ruhusa. Na wakili wako asiwe wakili wake, hata akikwambia gharama ni juu yake. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu ya kuona haya.

Kwa mabinti, kwa kifupi. Mwanamume akikuoa kisha akanunua kiwanja kwa jina lako, wewe ni raia na sheria inakuruhusu kumiliki. Lakini ndoa haimfanyi yeye raia. Ataweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na mpaka hapo hawezi kushika cha milele. Akikuletea hati ya uwakilishi usaini wiki ya harusi, mwambie iwasubiri mrudi fungate, kisha uipeleke kwa wakili wako mwenyewe.

Na nyinyi mlioshatia sahihi. Ingieni eCitizen mwombe CR12 ya kampuni hiyo, ndiyo taarifa rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa. Wengine watakuta majina yao bado yamo kwenye kampuni waliyodhani ilikufa zamani. Ombeni kwa wakili, kwa barua, nakala ya kila karatasi mliyosaini, na kama mlitoa hati ya uwakilishi, ulizeni namna ya kuifuta. Kujiuzulu ukurugenzi ni kwa maandishi yenye tarehe, na kampuni inatakiwa imjulishe msajili ndani ya siku 14. Fuatilieni mpaka CR12 mpya iwe mkononi. Lakini kujiuzulu hakuondoi hisa, wala hakufuti kodi ya miaka iliyopita. Ikiwa biashara imekufa kweli, wakurugenzi wanaweza kuomba kampuni ifutwe katika daftari, baada ya kusafisha KRA. Kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba, ritani ipelekwe si zaidi ya tarehe 30 Juni.

Mimi nipo barazani Shela kila siku baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Mwenye karatasi asiyoielewa na aje nayo tuisome pamoja, silipishi. Aje na nakala tu, asili aiache kwa mamake.

Babu yenu,
Shela, Malindi