Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Hatukununua Seva ya Pili

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliidhinisha ununuzi wa seva ya pili, mkachanga, na mweka hazina akazipokea fedha zenu. Seva haikununuliwa. Fedha zipo zote, na mtazisikia kwenye taarifa yake. Kazi yangu leo ni kuwaeleza sababu.

Mnakumbuka malalamiko yenyewe. Usiku wa manane ofisi zenu zimefungwa, hakuna anayefanya kazi, lakini feni za seva yetu zinavuma kama mchana wa mwisho wa mwezi. Mashine pepe 24, yaani kompyuta za kuigizwa kwa programu ndani ya seva moja, zinaishi humo, na saa hizo karibu zote zimekaa bure. Kamati iliamini prosesa imezidiwa. Nilisimama mbele yenu nikaitetea hoja hiyo, na nilikosea.

Katibu wetu ndiye aliyefungua kvm_stat, chombo cha kupimia mashine pepe, usiku mmoja na kuhesabu ni mara ngapi prosesa inaiacha mashine mgeni (ndivyo tunavyoiita kila mashine pepe) na kurudi kwa haipavaiza, programu ya seva inayoziendesha mashine hizo; yetu inaitwa KVM. Hesabu ilipanda kwa makumi ya maelfu kila sekunde, na wageni wote wamelala. Kilichokuwa kinawaamsha ni saa.

Kwa wenzetu wasio mafundi: mfumo endeshi wa namna ya zamani hujua muda unapita kwa sababu saa huikatiza prosesa kila baada ya kipindi maalumu. Kwenye kompyuta za Intel, mfumo endeshi wa Linux ulikuwa ukikatizwa mara 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6 lilipandisha idadi hiyo hadi 1000, na mwaka 2005 toleo la 2.6.13 likaishusha hadi 250 kwa asiyechagua vingine. Wasambazaji wengine walibaki na 1000, na mashine zetu 11 ni za uzao huo. Kila moja ina viini viwili, yaani sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi. Saa ya mfumo hugonga mara 1000, kisha saa ya kila kiini nayo hugonga mara 1000, kwa hiyo mashine moja hupokea makatizo 3000 kwa sekunde. Zidisha kwa 11, unapata 33,000, na hapo hakuna aliyegusa kibodi.

Kwenye kompyuta halisi mzigo huo hubebeka. Mashine pepe, kwa upande wake, haina saa yake mwenyewe. Haipavaiza ndiyo inayoiigiza. Kila mlio maana yake kiini kiamshwe, kiingie kwa mgeni, mgeni aangalie daftari lake, akute hakuna kazi, aseme amemaliza, alale tena, na njiani prosesa inaweza kumrudia haipavaiza zaidi ya mara moja. Fikirieni mpiga daku anayepita mitaani mwaka mzima, si Ramadhani peke yake, akigonga kila mlango mara elfu tatu kwa sekunde. Waliolala hawapati usingizi, na yeye naye anachoka.

Tena kuna lililoniuma zaidi ya umeme. Seva ikielemewa, mgeni hupitwa na zamu yake na milio ya saa hurundikana. Mgeni anayepima muda kwa kuhesabu milio hubaki nyuma, kisha haipavaiza humrushia milio iliyolimbikizwa kwa mkupuo ili amfikishe kwenye wakati. Ikiwa ndani ya mgeni kuna NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, inayosahihisha hapo hapo, masahihisho mawili hupandana. Ndiyo sababu mwanachama mwenzetu mmoja alikuta stakabadhi zake haziko kwa mpangilio wa saa, akadhani karani wake anachezea hesabu. Kwa niaba ya kamati namwomba radhi karani huyo. Kosa lilikuwa chumbani kwetu.

Dawa haikuwa ngeni. Mwaka 2001 Martin Schwidefsky wa IBM alipendekeza kiraka, yaani badiliko la msimbo wa Linux, cha kuondoa mlio wa kudumu, kwa sababu Linux kwa mamia zilikuwa zikiendeshwa juu ya kompyuta moja kubwa na zilikuwa zikimaliza nguvu zake kwa kuamshwa bure. Kwa kompyuta kama zetu wazo hilo liliingia kwenye toleo la 2.6.21 mwaka 2007, kwa prosesa za biti 32, na biti 64 zikafuata kwenye 2.6.24. Prosesa isiyo na kazi hutazama ni lini tukio linalofuata, hutega saa hapo, basi hulala.

Mashine nane kati ya zile 11 tumezihamishia keneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na zinasoma muda kwa kvm-clock, saa wanayopewa na haipavaiza, badala ya kuhesabu milio. Tatu haziwezi kuhama kwa sababu ya programu za uhasibu ambazo wenyewe bado wanazitegemea; hizo tumeziongezea divider=10, amri ya kugawa milio kwa kumi, kwenye mstari wa kuwashia, na 1000 ikawa 100. Wageni wa Windows tumewawashia ndani ya KVM vigezo vya Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft ambayo Windows huielewa. Feni sasa zinanyamaza usiku.

Nisiwape matumaini yasiyo na msingi. Mashine yenye kazi nyingi bado hukatizwa kama zamani. Ile njia ya kuondoa mlio hata prosesa ikiwa kazini, iliyoingia Linux 3.10 mwaka 2013, inafaa pale kiini kimoja kinapobeba kazi moja tu, na sisi hatuna mzigo wa aina hiyo; kamati iliijadili na kuiacha. Vilevile programu inayojiamsha kila milisekunde kuuliza kama kuna jipya huharibu faida yote, kwa sababu kutega saa upya nako ni safari ya kwenda kwa haipavaiza. Tumezikuta mbili. Wenyewe tumeshazungumza nao, na mmoja amekwisha kuirekebisha yake.

Yamebaki mawili ya kuamuliwa leo. La kwanza, wenye zile mashine tatu watuambie wataachana lini na programu zao, maana keneli hizo hazipati tena marekebisho ya usalama na hilo linanitia wasiwasi kuliko saa. La pili, fedha za seva: kamati inapendekeza nusu irudishwe kwa waliochanga, na nusu inunue betri mpya za chumba cha seva, kwani zilizopo zimechoka. Mweka hazina atasoma hesabu, kisha tutapiga kura.