Barua kwa mdogo wangu: mwache acheze kando ya mwenzake

Mdogo wangu mpendwa,

Jumapili nilipokusindikiza, ulinyamaza mpaka tukafika stejini. Najua ni lile neno la jirani, kwamba mwanao "hana watu", yaani hajui kucheza na wenzake. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeambiwa hivyo kwenye ngazi za ploti.

Nilimtazama siku ile. Alikuwa amechuchumaa karibu na tangi la maji akijaza mchanga kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kujipaka. Hatua mbili kutoka kwake, mtoto wa jirani alikuwa na mkebe wake. Hawakusemezana. Lakini mwenzake alipoanza kuupigapiga mkebe chini, wako naye akapiga. Mwenzake alipoitwa uji, wako aliacha kuchota, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Mtoto asiye na watu hafanyi hivyo.

Kucheza huko bega kwa bega, kila mtu na lake, huitwa mchezo sambamba. Mwaka 1932 mtafiti Mmarekani, Mildred Parten, alichapisha aliyoyaona kwa watoto wa chekechea huko Minnesota. Wadogo walicheza zaidi peke yao au sambamba. Kadiri umri ulivyosonga ndivyo walivyozidi kupeana vitu, na hatimaye kugawana kazi katika mchezo mmoja. Watafiti waliokuja baadaye waliongeza jambo linalonifariji zaidi: mchezo sambamba haukomi. Hata mtoto wa miaka mitano hukaa kwanza kando ya wenzake, awasome, kisha ajipenyeze.

Na uliwaona wale wasichana wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wakicheza kalongolongo. Mmoja mama, mmoja mama mboga, na yule mdogo akilia kwamba kila siku yeye ndiye mtoto. Ili mchezo uende, lazima wote wakubaliane kwamba majani yale ni sukuma na vifuniko vya soda ni pesa. Hapo pana maneno mengi, kungoja zamu, kukumbuka mwenzako amesema nini. Wako ana miaka miwili na miezi minne! Akinyang'anya mkebe, usimwite mchoyo. Wala usimsukume katikati ya wakubwa ili jirani aone.

Kama angekuwa hageuki ukimwita, au hanyoshi kidole kukuonyesha kitu, ningekuambia umpeleke kliniki kesho asubuhi, usingoje. Lakini huyu kila ndege inayopita kwenda kutua Embakasi lazima nami niione, na nisipoangalia ananivuta leso.

Jumamosi mlete tena, mkae mpaka jioni. Nimeshaosha mikebe miwili, yote miekundu, maana wakipewa rangi tofauti hatutalala.

Dadako,
Umoja, Nairobi