Mnaosifia Linux, tuambieni na namna ya kuishusha

Ndugu Mhariri,

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, wateja wanaoniomba niwapigie Ubuntu, aina ya Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, wameongezeka. Wengi wameshajaribu wenyewe, na wanakuja na lawama ileile: "Fundi, hiki kitu cha bure kibovu, kinagoma katikati." Mara nyingi kibovu ni faili walilolishusha.

Ubuntu 24.04 ni faili la karibu GB 6. Unaliacha kwenye kivinjari na bando la usiku, mtandao unayumba saa tisa, asubuhi unakuta limeishia njiani. Kulianza upya ni bando jingine.

Mimi natumia torenti, njia ya kushusha faili kutoka kompyuta za watu wengi kwa pamoja. Najua jina hilo linanuka wizi wa filamu, lakini Ubuntu wenyewe wanaitoa kwenye tovuti yao, halali kabisa. Faili huja vipande vipande, kila kipande kinahakikiwa, kilichoharibika kinatupwa na kuombwa tena. Dada mmoja muuguzi aliniletea faili lililomkatikia. Nikafuta ile .crdownload ambayo Chrome huibandika mwishoni mwa jina, nikaliweka kwenye folda ya torenti, nikaiagiza qBittorrent, programu ya torenti, ilihakiki. Ikalisoma taratibu, ikafika asilimia 81, ikaendelea kushusha kuanzia hapo. Bando lake la mwanzo halikupotea.

Ila wenye bando la kupimiwa wajihadhari: torenti inawagawia na wengine vipande mlivyoshusha, na kugawa nako kunakula MB. Punguzeni kasi ya kupakia, na msiandike sifuri, maana kwenye qBittorrent sifuri ni ruksa bila kikomo. Andikeni 5 au 10.

Wengine hushushia kazini wakabeba kwa flashi. Flashi ya GB 32, tupu, inakataa kwamba faili ni kubwa mno! Imefomatiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisheni vilivyomo, fomatini exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni sisi mafundi. Hapa mtaani faili moja linazunguka flashi kwa flashi, hakuna aliyelipima, na mteja analipa. Kulipima ni kufungua dirisha la amri la Windows na kuandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Zinatoka herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya faili hilo. Zilinganishe na zile ambazo Ubuntu wameziweka kwenye orodha yao ya SHA256SUMS. Ikipishana hata moja, usilipige kwenye mashine ya mtu.

Kwa hiyo, Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia ukitangaza toleo jipya, wekeni na anwani ya orodha hiyo. Mstari mmoja unatosha, hata kwa maandishi madogo.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga